Ethi ya Bomba la Maji

Tangu nistaafu sijui tena kuwa mgeni. Nikikaribishwa kwa mtu, kabla sijakaa vizuri macho yamekwisha panda ukutani: waya unapita wapi, soketi imeungua au haijaungua, swichi ya bafuni iko nje au ndani. Mke wangu ameniambia mara nyingi, "Baba Kulwa, kunywa chai ya watu." Nakunywa. Lakini inapoa mkononi, maana moyoni najiuliza swali moja tu: ethi ya nyumba hii imekwenda wapi? Ndilo swali lililonifanya niandike haya kwa ajili yenu mnaokagua nyumba za watu sasa.

Mambo ya vyeo na uhamisho nayaacha. Mafaili yapo, mwenye hamu akasome. Nitaeleza nilivyoingia kazini, aliyenifundisha, na kosa nililolifanya huku nikifuata kanuni neno kwa neno. Msidhani hilo haliwezekani.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kaka yangu. Vilikuwa vya ngozi, na fundi wetu wa kijijini alikuwa amevipigilia misumari kwenye soli ili vidumu. Kwetu ni upande wa Ulyankulu, na enzi hizo umeme tuliujua kwa radi tu. Mzee Songoro, mkaguzi niliyekabidhiwa kwake, hakuniuliza jina. Alinitazama miguu. "Mwangaluka," akaniamkia kwa Kinyamwezi, nami nikafurahi nikidhani nimepata ndugu. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, "Rudi ulikotoka. Hivyo viatu vinautafuta umeme wenyewe." Nikageuka. Siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza sokoni nikitafuta katambuga za tairi, na kesho yake nilipozivaa ndipo akaniuliza naitwa nani. Nikamwambia, Maganga.

Songoro alifanya kazi kwa mkono mmoja. Wa kushoto ulikaa mfukoni muda wote akiwa mbele ya umeme, kwa sababu umeme ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule, katikati yake kuna moyo. Nilipojisahau nikashika ubao wa mita kwa mikono miwili, alinichapa kidoleni kwa koleo. Ilikuwa ni koleo yenye mipini ya mpira, kwa hiyo hata kuchapa alichapa kwa usalama.

Alinifundisha pia kwamba mwenye nyumba hasemi uongo, ila hasemi yote. Ukimuuliza kama fyuzi ni nzima atakujibu ndiyo. Fungua mwenyewe. Nimekuta fyuzi ya msumari, fyuzi ya waya wa kufungia marobota ya tumbaku, na kwa mwalimu mmoja mwenye kuheshimika sana nilikuta kijiko. Nilipomuuliza akaniambia fyuzi za dukani zilikuwa zinakatika ovyo. Nikamwambia ndiyo kazi yake kukatika, Mwalimu. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mwamvuli na kuambiwa kazi yake ni kuvuja.

Sasa ethi. Ninyi mnaijua, lakini maandishi haya yanaweza kumfikia mwenye nyumba, naye ndiye anayelala mle ndani. Ethi ni ule waya wa kijani na njano unaoutoa umeme uliovuja kwenye pasi, jokofu au hita na kuupeleka ardhini, usimpitie mtu. Mwisho wake hufungwa kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Ardhi ikiwa na unyevu, umeme unapita. Ikikauka, fimbo ni pambo tu.

Na Tabora inakauka. Mwezi wa tisa mchanga wetu hauna tone la maji. Tuliwaambia watu wamwagie shimo la fimbo ndoo moja kila wiki, wakamwagia wiki mbili, basi. Kwa hiyo Songoro alikuwa na njia yake kwa nyumba za mjini, na kanuni za wakati ule ziliiruhusu: waya wa ethi tuliufunga kwa kibano cha shaba kwenye bomba la maji. Bomba la chuma limelala ardhini mji mzima, mtaa hadi mtaa, na ndani yake mna maji. "Hii ndiyo ethi isiyojua kiangazi," alikuwa akisema. Nilimuamini, na alikuwa na haki ya kuaminiwa. Alipostaafu nikaendelea hivyo hivyo. Nimefunga bomba na kupitisha nyumba Kitete, Ng'ambo na katikati ya mji kwa miaka mingi, nikarudi kwangu nikala nikashiba.

Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu nilipowakuta vijana wanachimba mtaro kando ya barabara. Mabomba ya chuma yalikuwa yamelazwa pembeni, mekundu kwa kutu. Ndani ya mtaro lilikuwa limelala bomba jipya, jeusi, la plastiki. Kwanza nilifurahi kama mwananchi yeyote: maji yatafika. Halafu nikakumbuka vile vibano vya shaba. Nikashuka kwenye baiskeli.

"Wanangu," nikawauliza, "mkikata bomba la chuma mlangoni kwa mtu, huwa mnakuta waya wa kijani umefungwa?"

"Shikamoo, mzee. Tunaukuta sana."

"Marahaba. Mnaufanyaje?"

"Tunaurudishia pale pale. Kile kipande cha chuma kinachobaki ukutani, tunaukaza vizuri kabisa."

Jamani, walikuwa vijana wenye adabu na kazi safi. Waliurudishia waya kwenye kipande cha chuma kisichokwenda popote. Plastiki haipitishi umeme. Na ubaya haukuishia hapo. Ndani ya nyumba mabomba yalibaki ya chuma, yameungana na koki za bafuni na waya wa ethi. Kifaa kikivuja, umeme unafuata waya tuliouweka sisi wenyewe, unafika kwenye koki, haupati pa kutokea, unakaa hapo. Atakayeshika koki peku kwenye sakafu ya maji ndiye anakuwa ethi.

Nilikwenda ofisini siku ile ile. Mkuu wangu hakuwa mtu mbaya. Alinikumbusha jambo ambalo mimi mwenyewe nimewaambia watu mara elfu: kuanzia mita kwenda ndani ni mali ya mwenye nyumba, na usalama wake ni juu yake. "Andika ripoti, Maganga," akaniambia. Nikaiandika, kurasa mbili, mwandiko mzuri. Lakini mwenye nyumba gani angejua? Alikuwa na karatasi inayosema nyumba yake ni salama. Na aliyeitia sahihi ni mimi.

Nikaanza kuzunguka kwa baiskeli kila nikitoka kazini. Nyumba nyingine nilizikumbuka, nyingine sikuzikumbuka hata kidogo, na hizo nisizozikumbuka ndizo zilizonitoa jasho. Nikaamua nianze na zenye hita za maji, maana hita ni kifaa kinachokaa ndani ya maji na kuzeeka bila mtu kukiona. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Zuwena.

Bi Zuwena ni mjane wa ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Oman, na nyumba yao ni ya zamani, kuta zake nene kama ghala. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Asalaam aleikum, Bi Zuwena."

"Waaleikum salaam, Fundi Maganga. Karibu hapa hapa barazani, ndani leo hupiti. Mwanangu Nasra kajifungua, ana siku ya tisa."

"Hongereni sana! Mtoto gani?"

"Wa kiume. Kamfanana babu yake mpaka masikio."

Nikamuuliza kama bomba lao limekwisha badilishwa. Akasema wiki iliyopita, na maji sasa yanakuja mpaka yanapiga kelele. Nikamuuliza habari za hita.

"Ile aliyotuletea kijana wetu Seif kutoka Maskati? Ingekuwa mtu ningeiombea pepo. Mzazi anakandwa asubuhi na jioni mpaka arobaini, mimi kuni za kuchemsha maji yote hayo nitoe wapi?"

"Na maji yenyewe hayachomi?"

"Ya moto yakose kuchoma?"

"Si moto, Bi Zuwena. Kuchoma kama sindano."

Akacheka. "Ah, hiyo ni ganzi. Bi Mwajuma anasema Nasra ana ganzi nyingi ya uzazi, inatoka kwa maji. Mwanzo ilitoka kidogo, sasa inatoka vizuri kila siku."

Bi Mwajuma alikuwa mkandaji. Kama hujakulia kwetu, huyo ni mama mtu mzima anayemkanda mzazi kwa maji ya moto, tumbo na kiuno, mpaka mwili urudi. Alikuwa amekanda nusu ya wazazi wa mtaa ule. Bafu lilikuwa nyuma ya ukuta wa baraza, na wakati Bi Zuwena bado anacheka nikasikia sauti ya msichana kutoka ndani.

"Bibi, yananidunga! Bibi, leo yamezidi!"

"Vumilia, mwanangu," sauti ya mtu mzima ikamjibu, kwa upole. "Ganzi ndiyo inatoka hiyo. Isipotoka sasa itakukaa kiunoni mpaka uzeeni. Shika koki, simama imara."

Shika koki! Sikumbuki nilivyoinuka. Swichi kubwa ilikuwa pale pale barazani juu ya mita, nikaishusha kwa kiganja kizima. Pangaboi likazimika, redio ikanyamaza katikati ya tangazo.

"Maganga! Umeingiwa na wazimu? Nani amekutuma uzime umeme wa nyumba yangu?"

"Mtoeni Nasra bafuni kwanza, halafu nitukane utakavyo."

Alinitukana, na alikuwa hodari. Lakini aliona mkono wangu haubanduki kwenye swichi, akaenda. Nasra akapelekwa chumbani. Bi Mwajuma akatoka na mikono imelowa hadi kwenye viwiko, amevimba kwa hasira, na nikamwona miguuni kavaa kandambili za mpira.

"Shikamoo, mama."

"Sitaki shikamoo yako. Dawa inakatwa katikati?"

"Mama, ukiwa bafuni huwa unavaa hizo kandambili?"

"Tangu zamani. Nina baridi ya miguu."

"Na mzazi?"

"Mzazi anasimama peku. Kandambili zinateleza, ataanguka na kidonda chake."

Ndiyo maana mikono yake haikumwambia lolote. Aliyavaa maisha yake miguuni bila kujua. Nikawaomba watu wote wakae barazani, nikawasha swichi, nikaingia bafuni na katambuga zangu, mkono wa kushoto mfukoni. Nikaigusa koki kwa ncha ya testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini. Ikawaka. Ikawaka vizuri, kama inavyowaka kwenye soketi. Bi Mwajuma alikuwa amenifuata mpaka mlangoni ingawa nilimkataza.

"Hiyo taa ni nini?"

"Ndiyo ganzi yako, mama."

Alishika fremu ya mlango, akateremka taratibu mpaka akakaa chini. "Alilia," akasema. "Siku tatu analia, namwambia avumilie."

Nikazima tena. Bi Zuwena aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ambayo ningependa zaidi iwe ya matusi. "Nyumba hii si ilikaguliwa?"

"Ilikaguliwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Basi itengeneze," akasema, akaingia kwa bintiye. Niliing'oa ile hita. Nikapigilia fimbo mbili za shaba kwa nyundo kubwa, nikajaza mkaa na chumvi kuzizunguka ili ardhi ishike unyevu, na kesho yake nikafunga kile kifaa kinachokata umeme papo hapo ukivuja. Siku hizi kanuni zinakitaka, na msikubali mwenye nyumba awaambie atakiweka baadaye. Nilipomaliza sikupanda baiskeli. Niliikokota mpaka nyumbani.

Nikastaafu. Nilipewa kiti cha kukunja na hotuba. Katika hotuba walisema nimelinda maisha ya watu, nikatazama viatu vyangu.

Wiki ya pili nikiwa uani, nikasikia hodi. Bi Mwajuma. Mkononi ana testa mpya, bado iko kwenye karatasi yake.

"Nifundishe hii," akasema, hata maji ya kunywa hajapokea. "Wewe huwezi kuingia kwa wazazi. Mimi naingia. Nina nyumba nne ninazokanda sasa."

Nikamfundisha. Alishika haraka kuliko vijana wengi niliopewa na ofisi, msikasirike. Tukaenda nyumba zote nne. Yeye akaingia bafuni, mimi nikabaki nje kwenye swichi. Mbili hazikuwaka. Mbili ziliwaka. Tukazima, tukazungumza na wenyewe, nikapigilia fimbo. Siku zilizofuata akanipeleka kwa wazazi aliowakanda zamani, mmoja baada ya mwingine, na kila mahali anaingia na kandambili zake. Wanaume wa nyumba walinidharau kidogo, mzee mstaafu anayeongozana na mkandaji, lakini wake zao walimsikiliza yeye. Kama mnataka kujua nyumba gani maji yanachoma, msiulize mwenye hati. Waulizeni wanaoogesha watoto.

Jumatano moja tumemaliza, akakataa kuinuka kwenye kibaraza tulipopumzika.

"Iko moja sijakupeleka," akasema.

Akanieleza. Mwaka jana alimkanda msichana aitwaye Rehema, mke wa Athumani, fundi cherehani, Ng'ambo. Siku ya kumi na mbili alitoka bafuni kuchukua kanga kavu. Aliporudi Rehema alikuwa chini, na koki iko wazi. "Nilipomshika nilisikia kitu kwenye mikono, Maganga. Kidogo tu. Nikadhani ni woga wangu. Tukasema ni presha ya uzazi, tukamzika alasiri hiyo hiyo. Kwetu mtu akifa hivyo tunasema kazi ya Mungu haina makosa."

Nyumba ya Athumani niliijua. Niliipitisha mwenyewe, ethi kwenye bomba.

"Nilitaka kunyamaza," akaendelea. "Marehemu hatarudi. Lakini Athumani ameoa tena, na mke ana mimba ya miezi minane. Amekuja jana kuniomba nimkande."

Tukaenda pale pale. Njia nzima niliomba taa isiwake. Ninawaambia ukweli: sikuomba kwa ajili ya Athumani, niliomba kwa ajili yangu.

Tulimkuta kwenye cherehani yake, kanga za uzazi zimekunjwa pembeni. Alifurahi kumwona Bi Mwajuma. "Shikamoo bibi. Shikamoo mzee. Karibuni, mmekuja wakati mzuri, hita nimeiwasha leo. Tangu marehemu afariki sikuwa na moyo wa kuigusa, lakini nikasema mzazi asipate shida."

"Mkeo yuko wapi?" nikamuuliza.

"Kaenda sokoni. Kwani kuna nini?"

"Tumekuja kupima maji."

Alitufuata. Bi Mwajuma alinyoosha testa, mkono mwingine nyuma ya mgongo kama nilivyomwonyesha, akagusa koki. Ikawaka. Nilikwenda kuzima swichi kubwa, na niliporudi wote wawili walikuwa wamesimama pale pale. Nikamweleza Athumani, polepole, maana nilidhani nikieleza polepole itauma kidogo. Kwamba waya wa ethi ulifungwa kwenye bomba. Kwamba niliyeukubali ufungwe hapo ni mimi. Kwamba bomba lilipobadilishwa, ethi ilikatika, na hita ikivuja umeme unakuja kwenye koki.

Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kama mtu anayepokea vipimo vya nguo.

"Kwa hiyo hatari ilianza walipobadili bomba," akasema.

"Ndiyo."

"Hapa kwetu walibadili mwaka juzi."

Kisha nikaona amefika kwa Rehema. Alimgeukia Bi Mwajuma, na Bi Mwajuma hakuficha uso wake. Alisema tu, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nimetoka kuchukua kanga."

Hakuna kanuni inayosema mkaguzi aseme nini hapo. Nikachukua sululu yangu, nikaenda nyuma ya bafu, nikaanza kuchimba shimo la fimbo. Nilikuwa nimepiga mara nne au tano hivi nilipoona kivuli chake juu ya udongo. Nikajua atanipiga, na sikuinua mkono kujikinga. Akanipokonya sululu.

"Kina gani?" akaniuliza.

"Mpaka kiunoni."

Akachimba mwenyewe.